Mkono wa Mwisho wa Vanishi

4 Machi

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na Mama pia. Mimi mzima, kazi ya kutengeneza redio na simu inaendelea, ila mgongo unalalamika kwa kuinama mezani. Kifua kinasemaje? Usiniandikie "kinaendelea vizuri" kama unavyomjibu kila mtu. Niambie kama unapanda ngazi za nyumbani bila kusimama njiani.

Najua umechagua barua kwa sababu kwenye simu kikohozi kinakukatisha. Nahisi ipo sababu nyingine: kwenye karatasi sikusikii.

Sasa habari. Nimejinunulia gitaa la umeme, lakini limekuja vipande vipande ndani ya boksi: kiwiliwili cha mbao, shingo, nyuzi, vifungo, na zile sumaku za kunasa sauti. Kuunganisha waya ni kazi yangu, nitaifanya nimefumba macho. Tatizo ni rangi. Mbao imekuja uchi, na mtoto wa fundi rangi wa magari hawezi kusimama mbele za watu na gitaa lisilo na rangi. Nataka nyekundu, ile uliyolipiga lori la zimamoto.

Nielekeze kwa maneno tu. Usije, usishike. Daktari alisema mbele yetu wote kwamba mvuke wa rangi ukikuingia tena, hicho kifua hakitarudi. Sikuandikii hivi kukutisha. Naandika ili usijifanye umesahau.

Binti yako

15 Machi

Mwanangu,

Marahaba, mama. Sisi hatujambo, tunakushukuru kwa salamu. Ngazi napanda. Kusimama nasimama, lakini ni kwa ajili ya kusalimiana na majirani, na siku hizi nina majirani wengi mno kwenye ngazi.

Lori la zimamoto! Wakati ule ulikuwa bado unavaa sare za shule. Nilidhani hakuna anayelikumbuka. Tangu nitoke gereji hakuna mtu aliyeniuliza swali la rangi. Wote wananiuliza kama nimekunywa dawa.

Basi sikiliza. Kwanza msasa mkavu, ufuate mistari ya mbao, usikwaruze kama unasugua sufuria iliyoungua. Futa vumbi kwa kitambaa chenye unyevu. Halafu rangi ya msingi, mkono wa kwanza, yaani mpako wa kwanza, uwe mwepesi, uuache ukauke, upitishe msasa laini, kisha mkono wa pili. Usiwe na pupa, nakujua. Na hili ulishike kuliko yote: usiache wazi hata kona, hata tundu, hata ndani ya vishimo. Unapopaacha wazi ndipo kutu inapopiga hodi. Mimi magari yangu nilikuwa nayapaka hata pale ambapo mwenyewe hatapaona mpaka anakufa.

Mama yako anasema uvae kitu puani. Hapo namuunga mkono.

Baba yako

9 Aprili

Baba,

Shikamoo. Hali yako nimeshamuuliza Mama. Kaniambia siku hizi unalala umekaa kitini. Hilo la kitini hukuliandika, na hao majirani wa kwenye ngazi nimewaelewa.

Nina hasira na nina kicheko, sijui nianze na kipi. Nimefuata maneno yako yote. Nimepaka kila mahali, hata kile kishimo ambamo shingo ya gitaa inachomekwa. Mikono mitatu, tena minene, maana hilo uliniambia nilishike kuliko yote. Rangi ilipokauka, shingo ikagoma kuingia. Kishimo kimechongwa kiitoshe shingo sawasawa, hakina nafasi hata ya kupitisha kucha, nami nimekijaza rangi. Nikasukuma. Nikagonga kwa kiganja. Ikalia ta! Ufa umetoka kona ya kishimo ukatembea mpaka karibu na katikati.

Baba, mbao haishiki kutu! Nilikaa sakafuni nikacheka mpaka machozi yakatoka, na nusu yake hayakuwa ya kicheko. Fundi redio na fundi magari, tumeandikiana kurasa mbili, na hakuna hata mmoja wetu aliyekumbuka kwamba hiki ni kipande cha mti.

Binti yako aliyepasua

17 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Pole sana. Nimecheka mpaka Mama yako akaja mbio na maji, nikampa barua asome, naye akakaa chini. Kutu kwenye mbao! Wale wa gereji wakisikia wataniimba.

Nitumie. Maelekezo yalikuwa yangu, kwa hiyo ufa nao ni wangu. Nitautia gundi ya mbao, nitaubana ushikane, halafu nitakwangua rangi yote kwa msasa, kidogo kidogo, nimekaa barazani kama mstaafu yeyote mwenye heshima zake. Rangi utapaka wewe. Mashine ya kupulizia sitaigusa, nakuapia kwa huyo mama yako aliyeshika glasi hapa.

Usiniache nikae tu, mwanangu. Mikono yangu bado mizima. Kilichoharibika ni kifua.

Baba yako

26 Aprili

Baba,

Shikamoo, na Mama mwambie namsalimia. Kiwiliwili nimekituma na basi la asubuhi, kimefungwa kwenye blanketi langu la zamani. Shingo nimebaki nayo.

Umeapa. Gundi na msasa, basi. Mama nimemwomba awe ananusa nguo zako kama zina harufu ya thina ya kuchanganyia rangi, kwa hiyo usishangae akikukumbatia zaidi ya kawaida.

Nakupenda, mzee mkaidi.

Binti yako

30 Mei

Baba,

Shikamoo. Mwezi umekatika sijapata hata mstari mmoja. Napiga simu saa nne, Mama anasema umelala. Napiga saa kumi, umelala. Wewe uliyekuwa ukitukemea kwa kulala mchana!

Nikamuuliza nguo zako zinanuka nini. Akasema ameshazifua. Sikumuuliza kama ni safi, Baba, nilimuuliza zinanuka nini.

Niandikie hata neno moja. Nikiona mwandiko wako nitatulia.

Binti yako

8 Juni

Mwanangu, mama yangu,

Marahaba. Nimekudanganya, na Mama yako nimemlazimisha anisaidie, kwa hiyo ugomvi wake uniletee mimi.

Ufa umeshikana, huwezi kuuona hata ukiambiwa ulipo. Mpaka hapo sikuvunja kiapo. Lakini nilipomaliza kukwangua, mbao ikawa laini na nyeupe mapajani mwangu, nikafikiria utakavyoipaka kwa brashi, itoke na mistari kama kidevu cha mtu aliyenyoa bila kioo. Nikaenda gereji. Wakaniruhusu kuingia chumba cha rangi kwa sababu waliona haya kunikatalia.

Nilivaa barakoa. Nikapuliza mkono wa kwanza wa nyekundu. Kesho yake nikapuliza wa pili, na hapo kifua kikafunga. Nilipiga magoti, nikatambaa mpaka mlangoni. Nikiwa pale chini, pumzi hakuna, nikageuka kutazama kama rangi imechuruzika. Haikuchuruzika. Nilifurahi. Nakuambia kweli, mwanangu, nilifurahi kama mtoto.

Imebaki vanishi ya kuing'arisha, mkono mmoja tu. Unajua gari la mwisho nililopiga rangi pale niliangukia mlangoni mwake, wakanibeba, akalimalizia mtu mwingine. Mpaka leo linapita hapa mtaani, ubavu mmoja wangu, ubavu mmoja wake, na likipita nageuza uso. Sitaki hili nalo liwe hivyo. Niruhusu.

Baba yako

14 Juni

Baba,

Shikamoo. Hapana.

Barua yako nimeisoma nimesimama dukani. Mteja akaniuliza kama nina msiba. Nikamjibu bado.

Nataka gitaa baya na baba mzima. Nitumie lilivyo, na hiyo mikono miwili ya rangi. Likichubuka na lichubuke. Ukipuliza vanishi sitalifunga hata uzi mmoja, nitalivunja kwa nyundo na vipande nitakuja kuvimwaga mlangoni kwako. Unanijua. Ukaidi huu sikuuokota barabarani.

Hilo gari la ubavu mmoja mimi sikuliona. Siku ile nilikuwa hospitalini nimekushikia barakoa ya hewa, nikihesabu kila ulipovuta na kila ulipokawia kuvuta. Unaniomba ruhusa ya kunirudisha pale. Naogopa, Baba. Naogopa hata kupokea simu ya nyumbani.

Nakusihi, liache.

Binti yako

2 Julai

Baba,

Shikamoo. Boksi limefika jana. Hakuna barua. Nimepekua mpaka magazeti uliyolifungia.

Nilikuwa naomba liwe limefifia, halina vanishi. Nilifunua upande wa nyuma kwanza, polepole, kama mtu anayefungua majibu ya vipimo. Linang'aa. Niliiona taa ya duka ndani yake, na uso wangu chini ya taa. Nikajiambia labda kamalizia mtu mwingine, nikalitoa nje kwenye mwanga nikatafuta kosa: tone, vumbi, mchuruziko. Nililitafuta kosa hilo kama mtu aliyepoteza pete. Halikuwepo. Na kile kishimo cha shingo umekiziba kabla ya kupuliza, mbao yake safi. Shingo iliingia bila kusukumwa.

Nilichukua nyundo. Nataka ujue niliichukua kweli. Niliishika mpaka mkono ukachoka, kisha nikairudisha kwenye droo, nikafunga nyuzi zote, nikachomeka waya, nikalipiga mara moja, chini chini. Lina sauti nzuri. Nimekukasirikia mpaka maneno yananipotea.

Leo asubuhi Mama amepiga simu. Kasema njoo. Nikamuuliza kuna nini, akasema wewe njoo tu, mwanangu. Nikamuuliza Baba yuko wapi, akasema yupo hapa. Nikamwambia mpe simu niongee naye. Akaniuliza kama nina nauli. Halafu akasema tena njoo.

Hii siipeleki posta. Naiandikia kituoni, gitaa liko magotini na basi linapakia mizigo. Nikikukuta umekaa nitakupa uisome mwenyewe, tugombane mpaka hao majirani wako watoke. Nikikukuta umelala nitakaa karibu nikusomee, na wewe usijisumbue kujibu.

Mwanao