Kiganja cha Imran na Mbuzi wa Msamaha

Garissa,
Jumapili, baada ya Alasiri

Mama yangu mpenzi,

Asalaam aleikum warahmatullah. Nakubusu mikono yote miwili, na huo wa kulia naubusu mara ya pili kwa sababu najua ndio uliotamani kunichapa nao ulipokata simu Alhamisi. Goti lako linaendeleaje? Yale mafuta ya kuchua niliyokutumia unayatumia mwenyewe, au umeshamgawia jirani kama yale ya kwanza? Na Witu mmepata mvua? Huku kwetu wingu linakuja, linatutazama, linakwenda zake.

Sisi ni wazima, alhamdulillah, na Imran ndiye mzima kuliko wote. Hivi ninavyoandika yuko chini ya meza ananivuta kanga.

Mama, ulinipigia ukasema maneno matatu tu, "Mlete mtoto huku," ukakata. Najua binamu Rukia alipita hapa kwangu, akafika Witu akakueleza na chumvi zake. Si kweli kwamba mtoto amepoteza kidole. Ni kweli kwamba aliungua, na ni kweli kwamba nilikuficha, na hapo nimekosa. Niliogopa utalia, na nikikusikia unalia mimi siwezi kueleza kitu. Ndiyo maana nakuandikia. Barua utaisoma mpaka mwisho kabla ya kunijibu.

Nilikwisha kukuambia kwamba nikienda shule Imran namwacha kwa Mama Sahra, mwanamke wa hapa mtaani aliyetoa vyumba viwili vya nyumba yake kulelea watoto wa sisi tunaofanya kazi. Watoto ni kumi na wawili. Walezi ni yeye na Habiba, mama mtu mzima aliyetoka Bute huko kaskazini, mwenye sauti ya chini na subira ambayo mimi mwalimu sina hata nusu yake. Kila siku saa sita wakishapiga deki na kuwabadilisha watoto nepi, hufukiza udi ili harufu itoke. Chetezo chao ni cha udongo kama chako, na hukaa sakafuni kama chako. Kwa hiyo usiwaseme.

Siku ile Habiba alikiweka chini, mtu akabisha hodi, akageuka kumwitikia. Imran alikuwa ameanza kutambaa juzi yake tu, na sisi wote tulikuwa bado tunamhesabu ni wa kulala. Alikwenda moja kwa moja akashika makaa kwa kiganja cha kulia.

Habiba alimzamisha mkono kwenye beseni la maji na kumshikilia hapo huku mtoto akipiga kelele. Jirani alikuja mbio na dawa ya meno kutaka kumpaka, Mama Sahra akamkatalia mlangoni. Kisha Habiba akamfunga Imran kifuani akakimbia naye mpaka zahanati, bila ndala, adhuhuri. Unalijua jua la Garissa, Mama, ulikuja ukakaa siku nne ukasema hutarudi. Mimi nilipoitwa shuleni na kufika, nilikuta muuguzi anamfunga mtoto bendeji mkononi, na akimaliza hapo anainama kwenye nyayo za Habiba, ambazo mchanga ulikuwa umezitia malengelenge. Daktari aliniambia yale maji ndiyo yaliyouokoa mkono. Nilikaa sakafuni nikalia, na Habiba na miguu yake ile ndiye aliyenibembeleza. Siku hiyo nilimshukuru Mungu kwa mwanamke huyo na mpaka leo sijamaliza.

Jioni, kabla ya Magharibi, walikuja nyumbani. Mama Sahra, kaka yake, wazee wawili wa mtaa, sukari kilo mbili na mbuzi mweupe mwenye kichwa cheusi. Baba Imran alikuwa Dadaab kwenye gereji ya magari ya maji, basi nikawapokea peke yangu. Mzee mmoja akasema, "Mwalimu, sisi tumekuja na kosa yetu. Mtoto ni yako, na mtoto ni yetu. Wewe sema, sisi tuko tayari."

Mama, nani angewaacha wazee wamekaa mkekani wameinamisha vichwa? Hata chai haijachemka nikasema nimesamehe. Wakampigia Baba Imran, naye akasamehe kwenye simu. Dua ikasomwa, wakanywa chai, wakaenda. Mbuzi akabaki na mimi, na usiku huo huo akatafuna madaftari saba ya gredi ya tatu.

Sasa kosa langu mimi mgeni lilikuwa hapo. Huku neno hilo likishatoka mbele ya wazee, jambo limezikwa. Kulitaja tena ni kuonyesha kwamba ulisema kwa mdomo tu. Mimi sikulijua hilo. Siku ya tatu nikaenda kwa Mama Sahra, nikiwa na nia njema kabisa, kumwambia chetezo kihamishwe. Nilikikuta palepale sakafuni. Nikaanza kueleza, nikaona uso wake unabadilika.

"Mwalimu," akasema, "si ulisamehe?"

"Nimesamehe, Mama Sahra. Naulizia tu hiki chetezo."

"Kama mbuzi ni kidogo, sema. Usizungushe maneno."

Niliona aibu nikatoka bila kuaga. Jioni mmoja wa wale wazee akampigia Baba Imran kumuuliza kama mkewe amerudisha maneno yake. Baba Imran, unamjua, hapendi kelele. Akaniambia ama ninyamaze, ama nimtoe mtoto pale taratibu bila kumuudhi mtu. Nimtoe nimpeleke wapi? Mahali pengine pote ni mbali na shule, na mwalimu mkuu ameshanivumilia siku nyingi. Zilibaki njia mbili, niache kazi au nimlete Imran kwako. Nilianza hata kukunja nguo zake, Mama. Nilikunja vifulana vitatu nikashindwa na cha nne. Kwa hiyo uliponiambia nimlete, hukuniambia jambo geni.

Watu wa huku wana heshima kubwa ya kumjulia hali mgonjwa. Wiki ile wakaja mama watatu wenye watoto kwa Mama Sahra, wakiongozwa na Fardosa anayeuza vitenge sokoni. Walileta tende na maziwa ya ngamia, wakambusu Imran kichwani. Mmoja akaangalia ile bendeji akasema polepole kwamba wa kwake kidole kilibanwa na mlango wa chuma pale pale kwa Mama Sahra, ila alisamehe. Wa pili akamtazama. Akasema wa kwake alikutwa ameinamia pipa la maji, kichwa tayari kimeingia ndani, naye pia alisamehe. Fardosa akaweka kikombe chini. Akasema wa kwake alianguka kutoka kitandani mara mbili.

Mama, kila mmoja alikuwa amesamehe peke yake na kufunga mdomo kwa heshima, na hakuna aliyejua ya mwenzake. Kama yule wa mlango angesema, na yule wa pipa angesema, huenda sote tungekuwa tumeitazama ile nyumba kwa macho ya mtoto anayetambaa.

Nikawaambia nitarudi nikaseme tena. Fardosa akatikisa kichwa. "Hapana, abaayo," akasema, maana ndivyo wanavyomwita dada. "Wewe usiende na maneno ya mtoto yako. Ile imekwisha. Enda na watoto yetu yote."

Basi Ijumaa ya wiki hiyo hiyo baada ya sala tulimpeleka yule mbuzi kwa Mama Sahra, tukamchinja huko huko, tukapika pilau tukaita kina mama wote. Sikusikitika kuachana naye. Tulikula vizuri, tukacheka, na Mama Sahra alikuwa ananipa vipande vya mnofu lakini haniangalii. Chai ilipoletwa Fardosa akasema wamama wanataka kuongea kidogo juu ya nyumba.

Mama Sahra akaweka birika chini. "Nani amekuja kulalamika?"

"Hakuna," akasema Fardosa. "Ile ilipita tulisamehe, wallahi. Lakini ile haijafika, hiyo nani atasamehe?"

Halafu mmoja mmoja wakasema, mlango, pipa, kitanda, bila ukali, kama watu wanaotaja majina. Mimi nilisema mwisho. Nilisema nampenda Mama Sahra, na kwamba sijui mahali pengine ambapo mtu angekimbia bila ndala kwa ajili ya mwanangu, na kwamba naogopa. Nilisema hivyo hivyo, naogopa.

Mama Sahra alisukuma sinia pembeni, nikadhani tumeharibu. Kisha akajifuta macho kwa mtandio. "Kila mtu alisema amesamehe, akaenda," akasema. "Hakuna mtu alirudi kuniambia kitu. Mimi nikafikiri mambo iko sawa."

Hapo ndipo Habiba alipoinuka kutoka mlangoni, bado anachechemea. "Mimi ndio niliweka hiyo moto," akasema, naye pole huitamka bole. "Tangu siku hiyo watu wananiambia bole, bole. Hakuna mtu aliniuliza niliweka wapi." Akatuonyesha mahali, akatuonyesha alikosimama, akatuonyesha kwamba ukigeuka kuelekea mlangoni hukioni chetezo kabisa. Yeye alikuwa ameshafikiria kila kitu peke yake, Mama, wiki nzima. Sasa udi unafukizwa wakati watoto wote wako barazani nje, na chetezo hakiingii tena watoto wakiwa ndani. Pipa limefunikwa. Mlango umetiwa kizuizi, na kitanda ukingo. Na tumekubaliana kwamba mtoto akiumia, hata kidogo, mama wote wataambiwa siku hiyo hiyo. Kaka wa Mama Sahra alinuna kidogo kwamba wanawake wamefanya kikao bila wazee, lakini pilau alikula.

Kwa hiyo jibu langu ni hili, na nakuomba ulipokee kwa moyo mkunjufu. Simleti. Kiganja kimebaki na alama ya waridi, anashika kijiko nacho na kukirusha nacho. Njoo umwone mwenyewe, nitakulaza karibu na feni.

Nisalimie Baba, mwambie dawa ya presha si ya kunywa siku anayojisikia tu. Msalimie dada Mwanakheri, mshonaji wetu, gauni lilinienea ila kifuani. Mjomba Athman mnadi swala wa msikiti wa kwetu mwambie namwombea koo lake. Na Rukia binamu yangu msalimie sana, mpe barua hii aisome, halafu akueleze upya.

Na jambo la mwisho nikuambie, la Jumatatu iliyofuata, siku ya kwanza Imran kurudi kwa Mama Sahra. Saa saba nikiwa darasani simu ikaanza. Mama wa pipa alinipigia. Kisha Fardosa. Kisha mwanamke ambaye hata jina lake silijui. Nilipofika getini Mama Sahra alikuwa amesimama ananisubiri, na nyuma yake Habiba amempakata Imran anayecheka. Wote wakaniambia habari ileile, kwamba mtoto amegonga paji la uso kwenye kiti. Nilimgeuza huku na huku kwenye mwanga nikaitafuta hiyo nundu, na sikuiona.

Mwanao anayekupenda,
Zuhura