Lori Lisilokohoa

Newala, Jumapili, mwezi wa nane. Ukungu umekaa tangu asubuhi, na upepo unaleta harufu ya salfa wanayopulizia mikorosho. Mikono yangu inanuka pilau. Leo ilikuwa arobaini ya baba.

Sijui nani anasoma hapa. Kwangu kuandika ni rahisi kuliko kusema, na leo nilikuwa na jambo moja tu la kusema.

Baba alikuwa dereva wa lori lake mwenyewe, Fuso kuukuu. Kila msimu alibeba korosho kutoka Mnyambe na kuteremka nazo mlima wetu hadi Masasi. Huko malori hupanga foleni nje ya ghala, yakiwashwa na kuzimwa kila foleni inaposogea, na madereva hulala chini yake. Alianza kukohoa nikiwa kidato cha pili. Hospitalini Ndanda wakamwambia akae mbali na moshi. Njia nzima ya kurudi alikuwa anacheka. Dereva gani anakaa mbali na moshi?

Baadaye tukasikia redioni kwamba inapendekezwa kodi ipunguzwe kwa malori ya mizigo yanayotumia umeme, ili watu wa kawaida nao waweze kuyanunua. Nikamtafutia video kwenye simu. Lori kubwa lilipita bila mlio, bila moshi.

"Linapumulia wapi?" akauliza.

Kisha akairudisha video mwanzo. "Somoe, mzigo wetu wote unashuka. Tunapanda na magunia matupu. Wanasema hilo likishuka mlima linajirudishia chaji. Basi limetengenezwa kwa ajili ya Newala, hawajui tu."

Akaliita lori lisilokohoa.

Mwishoni, alipokuwa hawezi tena kuinuka, aliniagiza: "Mwambie mjomba wako auze Fuso. Asilipande. Asubiri hilo lingine." Mama alikuwa amekwenda kuchota maji, kwa hiyo nilisikia peke yangu. Baba alisahau kwamba mtoto wake huyu hawezi hata kuomba chumvi dukani bila kuyarudia maneno moyoni kwanza.

Mjomba ni kaka yake mama. Alikuwa utingo wa baba, na kwetu mjomba ndiye mwenye neno. Leo, baada ya dua, ilikuwa ijulikane nani ataendesha Fuso msimu huu.

Nilikaa na wanawake jikoni. Niliyapanga maneno. Hayakutoka.

Ndipo akafika Mama Saidi kutoka Masasi. Yeye ni Myao, mtani wetu, na msibani mtani ana ruhusa ya kusema lolote. Alivaa kofia ya baba, akapanda kwenye Fuso, akaunguruma kwa mdomo, kisha akakohoa vilevile alivyokohoa baba.

"Enyi Wamakonde! Dereva anakohoa, gari linakohoa, hata hatukujua nani kamwambukiza mwenziwe. Sishuki hapa mpaka nipate jogoo."

Watu wakacheka. Mama alicheka mpaka machozi yakamtoka, halafu kicheko kikaisha na machozi yakaendelea.

Nilitumwa mimi kupeleka jogoo. Nilipomkabidhi, nikamnong'oneza maneno ya baba. Nilifikiri, huyu ana ruhusa ya kusema, atanisemea.

Akayasema, tena kwa sauti. "Sikilizeni! Marehemu kaagiza Fuso liuzwe, mnunue lori la umeme!"

Hakuna utani uliochekwa leo kama huo.

"Na waya wake tuufunge kwenye mkorosho?" Mjomba aliuliza, akijifuta macho.

Mama Saidi akanitazama. Aliuona uso wangu, akavua kofia. "Jamani, hili si utani."

Wakacheka zaidi. Mtani gani hasemi hivyo?

Nilipewa jambo moja la kweli, nami nikalitia katika kinywa ambacho siku ya leo hakuna anayekiamini.

Kicheko kilipotulia, mjomba alisimama, akawaahidi wazee wa Mnyambe mbele ya wageni wote kwamba korosho zao atazibeba yeye. Funguo zikaingia mfukoni mwake.

Jioni nikamkuta anaosha kioo cha Fuso. Shikamoo yangu hata mimi sikuisikia vizuri.

"Marahaba, mwanangu."

"Mjomba, yale maneno ni ya baba kweli."

Kitambaa kikasimama. "Mbona hukusema mwenyewe?"

Nikamsogezea ndoo ya maji.

"Nimeshatoa ahadi, Somoe. Na hiyo kodi ya redioni hata ikipungua, lori lenyewe bado ni la matajiri. Korosho hazisubiri bajeti." Akaanza tena kufuta, polepole. "Msimu huu tu."

Akapanda, akawasha injini kuijaribu. Moshi ukajaa uani. Akakohoa mara moja, akageuza uso upande wa pili.

Baba naye alikuwa akisema hivyo kila mwaka. Msimu huu tu.

Siku kodi itakaposhushwa kweli, na lori hilo likaupanda mlima wetu kimyakimya, litamkuta nani?

Asubuhi nitampelekea mjomba chai kabla hajawasha injini. Nitasema tena, kwa kinywa changu mwenyewe.