Mimi Napanda Mnara, Mume Wangu Anasimulia

Shangazi mpendwa, nisikilize kabla sijapasuka. Mimi ni fundi cherehani, mume wangu ni mwalimu wa jiografia aliyestaafu juzijuzi, na tangu nimjue hana ndoto nyingine isipokuwa minara ya taa, ile inayosimama ufukweni kuongoza meli, kwa hiyo shemeji alipotuazima gari-nyumba lake, lenye vitanda na jiko na kijichoo humohumo ndani, nilifunika cherehani yangu tukaondoka, pamoja na mama mkwe, ambaye alikwisha kaa kiti cha mbele na kufunga mkanda kabla hatujaamua kama anaalikwa, tukaanza kuufuata mwambao mji baada ya mji.

Mnara wa kwanza ulikuwa mweupe, umesimama mwisho wa gati nyuma ya soko la samaki, na mume wangu alipouona alivua kofia, machozi yakamlengalenga, nami nikasema moyoni leo huyu ataniacha nyuma kwenye ngazi. Akaniambia, "Mke wangu, tangulia, goti linanisumbua kidogo." Nikatangulia. Mji wa pili goti lilikuwa limepona, lakini eti breki ya mkono haishiki na lazima mtu abaki na gari, ingawa tuliegesha mahali tambarare kama meza na mama yake alikuwa ndani anamenya machungwa. Mji wa tatu sikumbuki tena alisingizia nini, nakumbuka tu nilishuka nimelowa jasho, nikamkuta amezungukwa na watu wenye kamera shingoni, anawaambia, "Ukifika juu, upepo unakupiga kofi, na mapaa ya mji unayaona kama viraka vilivyoshonwa pamoja." Shangazi, viraka ni vyangu! Fundi cherehani ni mimi, na maneno hayo nilimwambia mimi, jana yake, tukiwa tunakula!

Tukiosha vyombo nikamuuliza mama mkwe, "Mama, huyu mwanao ana nini?" Alicheka mpaka akaweka sufuria chini. "Kwani hujui? Huyo anaogopa urefu tangu utoto. Balbu ikiungua nilikuwa napanda stuli mimi, yeye ananishikia stuli amefumba macho." Ndipo nikaelewa kwa nini kile kitanda cha juu, kilicho juu ya dereva, tunalala mimi na mama mkwe, na yeye analala kwenye meza inayokunjwa. Ndipo nikaelewa pia kwa nini miaka yote ya ndoa yetu balbu nabadilisha mimi. Mimi nilidhani ananiamini kwa mambo ya umeme.

Ningenyamaza, maana ni mume mwema na ananipikia. Lakini mji huu tuliomo sasa una uwanja wa magari-nyumba, na wasafiri wa hapo wana chama chao, na wamempenda mume wangu kwa masimulizi yake mpaka wanamwita Nahodha. Wakamuuliza mbona hapandi nao minara. Unajua aliwajibu nini? "Ningependa sana, tatizo ni mke wangu. Anaogopa urefu. Nikipanda bila yeye, atazimia hapo chini." Mimi! Tangu siku hiyo sina raha. Nilikuwa natoka dukani, mlango una vidato viwili, mama mmoja wa chama akanidaka kiwiko: "Polepole, dada, usitazame chini." Mwenyekiti wao, daktari wa meno, ameninong'oneza kwamba si aibu, hata wanaume huogopa. Juzi walipopanga kupanda, mume wangu alinibembeleza niugue, nikajilaza na kitambaa kibichi kwenye paji la uso, naguna, huku mama mkwe akiwaambia watu mlangoni, "Ni kizunguzungu," anajiziba mdomo asicheke.

Sasa Jumapili wanapanda mnara mkubwa kuliko yote. Nahodha atahutubia kule juu, na mlinzi wa mnara amempa heshima ya kufuta vioo vya taa, kwa nje, kwenye roshani. Mume wangu hali, halali, na ameniomba niugue tena, safari hii "zaidi kidogo". Nimuumbue mbele ya watu, au nijilaze niendelee kuguna?

Ni mimi, nisiyeumwa popote.

*

Mdogo wangu,

Barua yako nimeisoma mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza nilikuwa nacheka sikuelewa vizuri. Kwa kuwa Jumapili ilikuwa mlangoni na gazeti hili hutoka katikati ya wiki, nilikupigia simu kwa namba uliyoiandika, na Jumapili ilipopita nikakupigia tena. Wasomaji nao wana haki ya kujua tulichoongea.

Kwanza nilikugombeza. Uongo ulikuwa wa mumeo peke yake mpaka siku ulipojilaza ukaguna. Hapo mkawa wawili, na mama mkwe mlangoni akawa wa tatu. Kuogopa urefu si kosa. Kosa ni kuuvua woga wake na kukuvisha wewe hadharani. Nikakwambia usiugue na usimuumbue. Mtoe nje ya gari, mama yake abaki ndani, umwambie: "Jumapili mimi ni mzima. Utakachowaambia watu ni shauri lako, lakini utawaambia wewe."

Ulifanya hivyo, na hapo nakupongeza. Uliniambia alizunguka gari akiyapiga magurudumu teke kama mtu anayetaka kulinunua. Jumapili, watu wamekusanyika chini ya mnara, mlinzi ameshika ndoo na kitambaa, mumeo akatoa sauti ya darasani: "Jamani, mimi sijapanda mnara hata mmoja. Naogopa. Anayepanda ni mke wangu."

Halafu mwenyekiti, daktari wa meno, akavua mkoba wake begani. "Afadhali umesema, Nahodha. Mimi huwa naishia katikati ya ngazi, nangoja wenzangu washuke, naungana nao." Yule mama aliyekudaka kiwiko naye akanyoosha mkono. Akafuata mwingine, na mwingine, mpaka waliobaki chini wakawa wengi kuliko waliopanda. Mumeo akawahutubia palepale kwenye nyasi, wakampigia makofi, na wewe ukafuta vioo huku mama mkwe, aliyekuja nyuma yako bila kuombwa, akikuonyesha ulipoacha madoa.

Vizuri. Lakini usidhani yameisha. Umeniambia tangu siku hiyo mumeo anapiga mluzi na hakumbuki kitu. Nikakuuliza, amekuomba radhi? Ukaanza kuniambia habari za hali ya hewa. Mdogo wangu, kujisema mbele ya watu ni jambo moja, kumwomba mke radhi ni jambo jingine, na hilo la pili bado unadai.

Kwa hiyo gari lisiwashwe kwenda mji unaofuata mpaka amekaa mbele yako na kusema alichokufanyia, kwa kirefu. Usimsaidie kumalizia sentensi. Mwalimu anajua kusema. Akikwambia ulikuwa utani tu, funguo zikae mfukoni mwako mpaka apate maneno mengine. Akishasema, msamehe moja kwa moja, usiweke akiba.

Baada ya hapo, mnara unaofuata apande nawe ngazi chache, wewe ukiwa nyuma yake, kisha ashuke. Ule mwingine aongeze kidogo. Akishindwa, mwache abaki chini na asimulie atakavyo, ana kipaji. Ila kila simulizi ya yaliyoko juu aianze kwa maneno haya: "Mke wangu aliniambia." Akiyaruka, mkatize papo hapo, kwa sauti, watu wote wakisikia.