Mkwe wa Kuajiriwa

Chiwata, 11 Juni 1905

Ndiyo, Cecil, mwavuli umefika, viatu vya Bibiana navyo vimefika, na kabla hujauliza tena: hapana, mama hajakubali posa yako. Huku hatujambo. Mama mgongo kidogo, mimi njaa ya kawaida, Bibiana mzima kama kinu. Wewe je, kikohozi cha pwani kimekuacha?

Umetaka nikueleze mama kasemaje, neno kwa neno. Aliufungua mwavuli, akauzungusha, akauliza kama unafyeka. Nikamwambia, mama, huyu ni karani wa boma, kasoma chuo Unguja miaka sita, kahitimu, ana cheti chenye muhuri. Akauliza kama cheti kinafyeka. Sasa kuku anaatamia chini ya mwavuli wako. Viatu dada yangu alivijaribu, akatembea kama mbuzi aliyekanyaga moto, wanawake wa hapa wakacheka siku mbili.

Usijifanye umesahau. Kwetu mume huja nyumbani kwa mke, anamfyekea mama mkwe shamba, na mama anautazama mkono wake. Hata mimi mchuuzi wa chumvi nilifyeka kwa wakwe kule Lisekese, ingawa nilifyeka ovyo na mke akanikimbia. Shamba lenyewe dogo. Omba ruhusa siku kumi, uje.

Nduguyo wa jando,
Kasiani

Bomani, pwani, 2 Julai 1905

Ndugu Kasiani,

Salaam kwako na kwa mama. Afya yangu ni njema, namshukuru Mungu. Barua yako nimeisoma kwa huzuni, kwanza kwa habari zake, pili kwa mwandiko wake.

Wenzangu wawili niliohitimu nao wameshaoa, na mmoja kapewa nyumba ya mawe. Mimi nimekwisha kumwambia Bwana Mkubwa kwamba naoa mwaka huu. Siwezi kuonekana kichakani na panga kama mshenzi, mimi ninayeandika majina ya kila anayeingia na kutoka humu bomani. Hata hivyo sipendi ugomvi na wazee. Namtuma kwenu mtu aitwaye Silvesta, mpagazi wa Newala, mwenye nguvu na maneno machache. Afyeke shamba lote kwa jina langu. Kazi ikiisha, mama atakuwa amepata shamba, nami nitakuwa nimepata mke. Hakuna aliyepunjwa.

Shemeji yako,
Cecil

Chiwata, 6 Agosti 1905

Wewe unayejiita shemeji yangu, hujambo? Sisi wazima, ila mbavu zinauma kwa kicheko.

Mtu wako kafika. Hasemi, kweli. Siku ya kwanza alimwamkia mama shikamoo, akaomba aonyeshwe mpaka wa shamba, akaanza. Mama akakaa kivulini kumtazama, kama mtu anayetazama ngoma. Siku ya tatu akampelekea ugali mwenyewe, kwa mikono yake, na wewe unajua mama hampelekei ugali shambani mtu yeyote ila mkwe. Siku ya sita Bibiana akasema maji ya kunywa atapeleka yeye. Hakuna aliyemtuma.

Nikamwambia mama kwamba huyu ni kibarua tu, mwenye posa ni Cecil. Akanijibu, "Mkono niliouona ndio mkono ninaoujua."

Hapa sitanii, na unajua kwangu hilo ni nadra. Shamba limebaki nusu. Njoo ukate hata mti mmoja, mama akuone jasho. Mmoja tu, hata mwembamba. Bibiana aliniuliza jana kama una sura ile ile. Nikamwambia sijui, siku hizi naona mwandiko tu.

Kasiani,
ndugu yako, jina la shemeji bado

Bomani, 19 Agosti 1905

Kasiani,

Mimi sijambo, natumaini nanyi hamjambo. Nakuuliza jambo moja kwa akili yako ya darasa la tatu: mwenye nyumba akimwajiri mwashi, je, nyumba inakuwa ya mwashi?

Sitakuja. Nasikia huko bara kuna watu wanaokunywa maji ili risasi zisiwaingie. Sishangai. Hao na mama yako wamesoma chuo kimoja.

Shemeji yako,
Cecil

Bomani, 14 Mei 1906

Kasiani,

Habari za siku nyingi? Miezi tisa sijapata barua. Nasikia vita kwenu vimekwisha na sasa mnakula mizizi. Poleni. Mimi nimepandishwa cheo, nimepewa chumba cha mawe chenye dirisha. Mama namsamehe yote. Shamba naamini lilikwisha, kwa hiyo mlete Bibiana kabla ya mwezi wa saba, maana Bwana Mkubwa ameanza kuuliza.

Shemeji yako,
Cecil

Chiwata, 8 Juni 1906

Cecil, salaam. Mzima? Sisi ni wazima, kwa hesabu ya waliobaki. Umetutupia pole kama mtu anavyomtupia mbwa mfupa. Tumeipokea, njaa haichagui.

Siku watu wa maji walipofika Masasi na misheni ikaungua, sisi tulikimbilia vichaka vya juu, upande wa Newala. Mgongo wa mama ukagoma njiani. Aliyembeba siku mbili ni Silvesta. Wewe nadhani wakati huo ulikuwa unachonga kalamu. Mvua ya kwanza ilipoanguka alirudi peke yake, wakati hata wanyama wanaogopa, akapanda mihogo kwenye lile shamba. Ndiyo mizizi uliyoisikia.

Mwezi wa pili mjomba akaitwa, mama akasema lake, Bibiana hakukataa. Wameoana. Ana mimba.

Mwambie Bwana Mkubwa mwashi kahamia. Na hicho chumba, fungua dirisha upate hewa.

Aliyekaribia kuwa shemeji yako,
Kasiani

Chiwata, 23 Septemba 1906

Cecil, ndugu yangu,

Naomba barua hii ikukute mzima, na safari hii naomba kwa moyo, maana nina shida nawe. Haya, cheka. Cheka umalize, tuendelee.

Wiki mbili zilizopita askari walikuja kutafuta waliokunywa maji. Jumbe mpya akaulizwa nani hapa ni mgeni, akamtaja Silvesta. Wakamuuliza Agosti ya mwaka jana alikuwa wapi. Akasema alikuwa anamfyekea mama mkwe shamba. Nani shahidi? Mama akasema mimi, mimi nikasema mimi, Bibiana akasema mimi. Wakasema ndugu si mashahidi, wakamtia mnyororo shingoni. Yuko humo bomani, na jina lake nadhani umeliandika kwa mkono wako. Ulilitambua, au wino ulikauka?

Najua unachowaza, tulitahiriwa siku moja. Akinyongwa, Bibiana ni mjane, na wewe una chumba chenye dirisha. Wala huhitaji kusema uongo. Ukinyamaza tu, inatosha, na mimi sina la kukufanya.

Kwa hiyo nisikilize, nina biashara. Asiye ndugu yetu anayejua Silvesta alikuwa wapi ni mmoja tu, aliyemtuma. Andika mistari mitatu: Agosti yote mtu huyu alikuwa kibarua wangu Chiwata, kwa kazi ya shamba la posa yangu. Tia jina, mpelekee Bwana Mkubwa leo. Boma zima litajua uliajiri mtu akuposee mke, na wenzako wa chuo watacheka mpaka Krismasi. Hiyo ndiyo bei yako.

Bei yangu ni hii. Ida, binti wa mama mdogo, hana mume, na mama yake ana pori la kufyekwa kama mama yeyote. Nitafyeka mimi, kwa jina lako, mpaka kisiki cha mwisho. Ida kwangu ni dada, kwa hiyo hata nikifyeka mpaka Newala hakuna mama atakayenidhania mkwe. Siwezi kukuahidi kwamba atakubali. Kasema kwanza akuone usoni, na mimi nimemwonya asitarajie mengi.

Anakuona sasa hivi. Yeye na Bibiana ndio walioleta barua hii, siku tano kwa miguu, wamesimama mlangoni pako. Bibiana usimpe pole. Ukikubali, mwite shemeji, kwa sauti, makarani wenzako wasikie, kisha keti uandike. Mimi panga nimeshanoa.

Ndugu yako,
Kasiani