Wachuuzi Wametupa Jina

Jumatatu, mwezi wa tano. Morogoro mjini. Manyunyu tangu asubuhi, milima ya kwetu siioni kabisa kwa mawingu. Bora hivyo.

Nina wivu. Niseme mapema, tusizungushane.

Mkobani nina fomu ya kusajili kikundi chetu, na mstari wa jina bado uko wazi. Afisa ushirika ametoka kula, anarudi saa nane. Nimejibanza kwenye intaneti kafe namsubiri.

Kikundi nilikianzisha mimi. Ushirika wa zamani ulipokufa na soko huria likaingia, madalali wa Dar walipandisha malori hadi kwetu Mgeta wakatupangia bei watakavyo, maana kila mkulima alikuwa anauza kivyake. Ni mimi niliyepita mlango kwa mlango nikawakusanya akina mama kumi na wawili. Nikakiita kikundi Tumaini. Jina zuri, hata niliombea.

Hakuna anayelitumia.

Sokoni wanatuita akina Yusta. "Karoti hizi ni za akina Yusta?" Mchuuzi akiambiwa ndiyo, hata gunia hafungui kukagua, analipa tu. Yusta ni jirani yangu, mwanachama wa kawaida tu, hana cheo chochote. Jana jioni kikao kikapiga kura tujisajili kwa jina hilo hilo. Mimi katibu nikatabasamu, moyoni nawaka. Nikaamua palepale: nitaandika Tumaini, halafu nitasingizia kwamba afisa amelikataa lile jingine.

Tatizo ni kwamba jana hiyo hiyo asubuhi nilikuwa nafundisha. Mimi pia ni katekista kigangoni. Somo lilikuwa Antiokia, mji ambao wafuasi wa Yesu waliitwa Wakristo kwa mara ya kwanza. Nilieleza vizuri, acha nijisifu. Wao wenyewe walikuwa wakiitana ndugu, wanafunzi, watu wa Njia. Hilo la Wakristo walipewa na watu wa mjini, labda hata kwa kejeli, kwa sababu kila walipowatazama waliwaona wakimfuata huyo Kristo.

Mama mmoja anayejiandaa kubatizwa akauliza, "Sasa mwalimu, mbona hawakukataa? Si walikuwa na majina yao?"

"Wangekataaje, mama, na ni kweli walikuwa wanamfuata?"

Nilijibu haraka haraka, nikafunga somo. Jibu hilo limenikaba tangu jana.

Maana sijawahi kuandika humu bloguni jina la akina Yusta lilivyoanza. Lilianza na gunia langu. Nilipanga karoti nzuri juu, katikati nikajaza zilizopinda na zilizoanza kuoza. Wengi tulifanya hivyo, lakini siku hiyo gunia lilikuwa langu. Yusta akalimwaga chini mbele ya mnunuzi, akaanza kuchambua. Hakusema ni la nani. Aliniambia tu, "Dada, chuchumaa tuchague." Nikachuchumaa. Nilimchukia miezi mingi.

Tangu siku hiyo sijaficha karoti mbovu tena. Wala wenzangu. Hakuna aliyetoa amri, tulimwangalia Yusta anavyopanga gunia lake, nasi tukapanga hivyo hivyo. Kuwakusanya, niliwakusanya mimi. Lakini mwenendo wetu tumeuchukua kwake, na mimi mwenyewe namfuata mwaka wa tatu sasa huku nikijifanya natangulia.

Wachuuzi waliliona hilo kabla yangu, wakatuita kwa jina lake.

Inauma. Wivu haujaondoka, uko hapa hapa kifuani, na sijui sala ya kuuondoa kabla ya saa nane. Ila nimetoa kalamu. Nimeandika AKINA YUSTA kwa herufi kubwa, kwa wino, ili nisije nikageuza mawazo mlangoni kwa afisa.

Chini ya jina wanataka orodha ya wanachama. Wa kwanza nimejiandika mimi.

Huko nako ni kufuata, au bado nataka kutangulia?