Blanketi Kwenye Mlango wa Banda: Maelezo Kuhusu Mzee Gombo Kuzimia Gari Likikwanguliwa Rangi

Jina: Ariunzul binti Dolgor
Umri: miaka 22
Kazi: mama wa nyumbani, nashona soli za viatu za sufu
Makazi: mtaa wa mahema, mlimani, Ulaanbaatar
Yamechukuliwa: 15 Februari 2023, saa nne asubuhi

Nimekuja mwenyewe, kwa sababu mume wangu Otgon yuko mahabusu tangu jana.

Mnamo tarehe 14 Februari alikuwa bandani uani kwetu akikwangua rangi kwenye gari la Mzee Gombo. Lama, mtawa wa Kibudha, alimwambia mzee kwamba nyekundu haipatani na mwaka wake wa kuzaliwa, itoke yote mpaka bati kabla ya Mwezi Mweupe, sikukuu yetu ya mwaka mpya. Gari lina tabaka sita. Msasa ulishindwa, ndipo Otgon akapaka dawa ya kulainisha rangi. Dawa hiyo kwenye baridi haifanyi kazi, kwa hiyo aliwasha jiko la makaa, akaacha mlango wazi hewa ipite.

Saa nane mchana mzee alikuja, wakabishana. Jirani alisikia, sikatai.

"Wiki nzima, mwanangu. Hili gari unalikwangua au umelioa?"

"Mzee wangu, rangi yako ngumu kama kwato za ngamia. Ukiona nachelewa, kikwanguo hicho hapo, shika mwenyewe."

Mzee akatoka getini, nikajua ameenda zake. Otgon naye akabeba madumu kwenda kuteka maji. Aliniambia, "Mama Temuu, mlango wa banda usiufunge."

Nikaingia hemani kunyonyesha. Harufu ya dawa ikatufuata, mtoto akakohoa mpaka akatapika. Ana miezi mitano tu. Saa nane na dakika arobaini nilitoka, nikaufunga ule mlango, nikatundika juu yake blanketi zito la sufu. Sikuchungulia ndani. Sikujua mzee amerudi, yumo anakwangua mwenyewe.

Saa tisa na robo Otgon alirudi. Aling'oa blanketi, akamkuta mzee amelala chini karibu na jiko. Alimburuta kwa kola hadi kwenye theluji, akawa anampiga makofi ili azinduke. Jirani aliona makofi hayo, akapiga simu kwenu. Otgon hakuwa na hasira, afande. Alikuwa analia.

Nimesikia Otgon amesema blanketi alilitundika yeye. Si kweli. Alikuwa kwenye foleni ya maji, muulizeni muuzaji. Anatukinga mimi na mtoto. Nililitundika mimi, kwa mikono yangu hii.

Mzee hajafumbua macho, lakini daktari anasema anapumua vizuri. Naamini ataamka, aseme kwamba hakupigwa na mtu. Mtoto nimekuja naye, bado ananyonya.

Niliyoyasema ni haya, sikulazimishwa. Nimesomewa, nimeyakubali kuwa ni yangu.

(Saini) Ariunzul

Maelezo ya afisa: Nilimweleza kwamba kuanzia sasa atahojiwa kama mtuhumiwa, si shahidi. Alisema ameelewa. Aliuliza kama mumewe anaweza kurudi nyumbani leo na mtoto, akanionyesha maziwa ya mtoto aliyokwisha kuyakamua kwenye chupa.

(Saini) Sajini Lkhagva