Baba Kaisifu Kabichi Niliyoikausha Juu ya Bati

Mpendwa mshauri, naomba unisaidie kwa jambo ambalo sijamwambia mtu, hata mdogo wangu ninayelala naye chumba kimoja: nimemlisha baba mboga kavu. Baba ni mpishi wa meli ya mizigo, yuko likizo, na mboga za kukausha hataki hata kuzisikia, anaziita matandiko ya kuku, kwa hiyo melini mbichi zikishaoza mabaharia wanakula wali na maharage mpaka bandari inayofuata, na sasa nahodha kamwambia achague, mbichi tena au kavu, mwisho wa mwezi wanapakia chakula. Kukausha tulifundishwa shuleni, kwa Kiingereza, na darasani naongea kama kasuku, ila mbele ya baba ulimi unakuwa mzito. Basi nikaanika kabichi na karoti juu ya bati, nikazifunika chandarua, na jana alipokuja kula serahangi, msimamizi wa mabaharia, nikaziloweka kwenye maji ya vuguvugu mpaka zikajaa tena, ndipo nikazipika. Serahangi akalamba kijiko: "Mpishi, bintiyo akipanda meli wewe utabaki kuosha masufuria!" Baba akajibu, "Ndio utamu wa mboga mbichi huo, ndugu yangu. Kavu ungetafuna kandambili." Nikakimbilia jikoni kucheka! Lakini nikisema nitamwaibisha, na nikinyamaza wenzake watateseka. Nifanyeje? Nasikia hatua zake. Tangu asubuhi nafunika karatasi hii kwa kitabu cha hesabu, sasa siifuniki tena. Mshauri, anagonga!

Binti wa Mpishi

Binti, hongera, na aibu juu yako! Mtu hategwi sahanini, hasa baba yako. Ila hukuificha karatasi, ndiyo maana imenifikia ikiwa na miandiko miwili.

Wewe baba, uliyeandika kwa nyuma, "Mshauri, muulize aliziloweka kwa muda gani, mimi huzitupa kavu kwenye mchuzi unaochemka," huyo mtoto yuko chumba cha pili! Muulize mwenyewe. Kumbe miaka yote umeitukana mboga kwa kosa la mpishi.

Sasa nisikilizeni. Leo hii baba aloweke, binti asimamie, na maji ya kulowekea msimwage, yatieni mchuzini. Kisha mwiteni serahangi, aambiwe ukweli kabla hajameza. Melini pakia mbichi za kuanzia safari na kavu za kuimalizia.

Na wewe binti, unasubiri nini? Jua limetoka. Panda kwenye bati, na umwambie baba akushikie ngazi.